Chikanda: Utamu wa Leo, Mbegu ya Kesho

Ndugu msomaji, kila taifa duniani lina chakula chake ambacho mgeni hukitazama kwa mashaka na mwenyeji hukila mpaka akalamba vidole. Mtu wa Bukoba husubiri majira ya senene kama mtoto asubiriavyo sikukuu, ilhali jirani yake wa mkoa mwingine huuliza inakuwaje mtu mwenye akili timamu ale panzi. Mtu wa pwani humtafuna pweza kwa furaha, na mtu wa milimani humwangalia pweza huyo huyo akashtuka. Wafaransa hula konokono. Hapana wa kumcheka mwenzake, kwa kuwa mwanadamu hali kwa tumbo peke yake. Hula pia kwa mazoea aliyolelewa nayo.

Huko Japani, na siku hizi katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, iko migahawa iuzayo chakula kiitwacho sushi, yaani wali uliotiwa siki, ukapangwa na samaki mbichi au viumbe vingine vya baharini. Miongoni mwa vitu vithaminiwavyo sana katika migahawa hiyo ni kile ambacho Wajapani hukiita uni. Hiki hutoka ndani ya yule mnyama wa duara akaaye miambani baharini, mwenye miiba kama ya nungunungu, ambaye watoto wa pwani yetu humwogopa kwa jinsi anavyowachoma nyayo. Gamba lake likipasuliwa, ndani huonekana vipande vitano laini, vya rangi ya manjano au ya chungwa, vilivyopangika kama nyota. Mlaji huwekewa kipande juu ya tonge la wali lililozungushiwa utepe wa mwani, naye hukila kibichi, kikayeyuka mdomoni kama siagi yenye chumvi na utamu kidogo. Wapenzi wake hulipa fedha nyingi kwa tonge moja tu.

Lakini wengi wa walaji hao hawaulizi vile vipande vitano ni kitu gani. Si nyama, wala si mafuta. Ni viungo vya uzazi vya mnyama huyo, ambamo hutengenezwa mayai au mbegu za kiume. Yaani kinachopendwa kwake ni kile kile ambacho kingezaa wengine. Ndiyo maana katika nchi nyingi wavunaji wamewekewa sheria za majira ya kuvua na ukubwa wa mnyama anayeruhusiwa kuchukuliwa, maana palipovuliwa bila kiasi miamba ilibaki mitupu.

Pengine utauliza, ndugu msomaji, habari za migahawa ya Japani zinatuhusu nini sisi tulio mbali na bahari, Mbeya na Iringa, ambako samaki wetu ni usipa wa Ziwa Nyasa. Zinatuhusu kwa sababu nasi katika Nyanda za Juu Kusini tunacho chakula cha namna hiyo. Kinatoka porini, hakilimwi, kinapendwa sana, kinauzwa mbali, na utamu wake umo katika sehemu ile ile ambayo mmea umejiwekea kwa ajili ya kesho. Chakula hicho ni chikanda.

CHIKANDA NI NINI?

Chikanda ni mkate mzito utengenezwao kwa unga wa viazi vidogo vya maua ya okidi, pamoja na karanga zilizotwangwa. Jina hilo limeenea kutoka Zambia, hasa kwa Wabemba na majirani zao wa kaskazini mwa nchi hiyo, na hutumika kwa mkate wenyewe na pia kwa viazi vyake. Kwa upande wetu, watu wa maeneo ya mpakani nao wanaijua. Okidi zinazochimbwa ni zile ziotazo ardhini katika mbuga za nyasi na mabonde ya unyevu, si zile zinazoshika matawi ya miti. Wataalamu wa mimea huzitaja hasa jamii tatu, nazo ni Disa, Satyrium na Habenaria.

Upishi wake si mgumu, lakini unataka mkono wenye subira. Viazi huoshwa, hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa mpaka upatikane unga laini. Karanga nazo hutwangwa, na kwa kawaida unga wake huzidi ule wa chikanda. Maji hubandikwa jikoni pamoja na chumvi na pilipili, kisha hutiwa unga wa karanga ukachemka. Baadaye unga wa chikanda humiminwa kidogo kidogo huku mpishi akikoroga kwa mwiko, pamoja na magadi kidogo, na hapo ndipo ajabu hutokea. Ule uji huanza kuvuta, ukawa mzito, ukashikamana kuliko ugali. Hilo linatokana na wanga wa namna ya pekee uliomo katika viazi vya okidi, ambao ukikutana na maji huvimba na kugandamana. Mwishowe sufuria hufunikwa, na wapishi wa kienyeji huweka makaa ya moto juu ya mfuniko ili sehemu ya juu ipate ganda la rangi ya kahawia.

Ikipoa, chikanda hukatwa vipande kama mkate. Ukiitazama waweza kudhani ni soseji nene iliyokatwa, na kwa sababu hiyo Wazambia wengine huiita soseji ya Kiafrika, ingawa haina hata chembe ya nyama. Ukiionja, kwanza utasikia karanga, kisha pilipili, na nyuma yake ladha ya udongo ya mbali, kama ile ya uyoga. Huliwa kama kitoweo cha ugali, au peke yake kama kitafunio. Zamani ilikuwa chakula cha vijijini. Leo yauzwa katika masoko ya Lusaka na miji ya migodi ya shaba, na huandaliwa katika harusi na migahawa. Kwa Mzambia aliye mbali na kwao, kipande cha chikanda ni nyumbani.

VIAZI VIWILI CHINI YA UA MOJA

Sasa na tuangalie mmea wenyewe. Ukichimba okidi ya namna hii kwa uangalifu utaona viazi viwili vilivyokaa bega kwa bega. Wagiriki wa kale waliupa mmea huu jina lake kutokana na umbo la viazi hivyo viwili. Kimoja kimenyauka na kulegea. Hicho ndicho kilicholisha jani na ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu na kimejaa. Hicho ni ghala ya mwaka ujao, ambayo mmea umeijaza taratibu msimu mzima wa mvua ili baada ya kiangazi uweze kuchipua tena.

Mchimbaji hana haja na kile kilichonyauka. Hutaka kile kigumu, chenye unga. Akikiondoa, mmea umekwisha. Hata akikifukia kile kikuukuu kwa nia njema, kazi yake imekwisha na nguvu haimo tena. Isitoshe, okidi hutambulikana kwa jani na ua lake, hivyo mara nyingi huchimbwa wakati imechanua, kabla mbegu hazijakomaa na kupeperuka. Kwa jembe moja hupotea mmea na watoto wake pia.

Pengine utasema, basi na tupande kama tupandavyo viazi mviringo. Wazo hilo ni jema, lakini okidi ni mmea wenye masharti. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, tena haina akiba ya chakula ndani kama ilivyo mbegu ya hindi au ya haragwe. Haiwezi kuota mpaka ikutane ardhini na aina ya kuvu iliyo rafiki yake, ambayo huilisha katika siku zake za mwanzo. Hata ikiota, hupita miaka kadhaa kabla haijatoa ua. Wataalamu wamekuwa wakijaribu kuziotesha, lakini chikanda iliyo katika biashara bado ni ile ya porini.

BUSTANI YA MUNGU

Kama umepata kusafiri kutoka Mbeya kwenda Makete kwa njia ya Kitulo kati ya Desemba na Aprili, huna haja ya kuelezwa uzuri wa maua hayo. Uwanda huo uko katika kimo cha mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Wenyeji wameuita Bustani ya Mungu. Mvua zinapokolea, nyasi hufunikwa na maua meupe, ya manjano, ya zambarau na ya waridi, na kati yake zimo aina 45 za okidi. Mwaka 2005 uwanda huo ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 413. Hifadhi nyingi twazijua kwa simba na tembo. Hii iliwekwa hasa kwa ajili ya maua, na inatajwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika ya kitropiki.

Miongoni mwa mambo yaliyochochea hatua hiyo ni hiyo hiyo chikanda. Zambia ilikuwa imechimba okidi zake kwa muda mrefu, na kadiri miji ilivyokua na walaji walivyoongezeka, mbuga zake zikapungukiwa. Wafanyabiashara wakatazama ng'ambo ya mpaka. Katika miaka ya 1990 biashara ya viazi kutoka Nyanda zetu za Juu ilikua kwa kasi. Barabara kuu na reli ya TAZARA zote hupita Tunduma, na ng'ambo ya pili ni Nakonde. Basi magunia yakapata njia. Mwaka 2003 Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika nyanda hizi. Walikadiria kuwa viazi vya okidi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 huenda vilikuwa vikivushwa kwenda Zambia kila mwaka, na kuwa aina zifikazo 85 za okidi zingeweza kuwa hatarini.

Tafakari hesabu hiyo, ndugu msomaji. Kila kiazi ni mmea mmoja.

Kufunga Kitulo hakukutosha kufunga biashara. Okidi haziishi Kitulo tu. Zimo pia katika mabonde na vilima vya vijiji, nje ya mipaka ya hifadhi, huko Makete, Njombe na Ludewa, wilaya zilizokuwa za Mkoa wa Iringa mpaka Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012, na pia katika nchi za Mbeya, Songwe, Rukwa na Ruvuma. Ule mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Washington mwaka 1973, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umezitia okidi zote katika orodha zake, na kuzivusha mpakani bila kibali ni kosa. Lakini kiazi kilichokauka hakina jani wala ua. Askari wa forodha atajuaje ni cha aina gani? Na kikishatwangwa, nani atajua? Wataalamu wamelazimika kuchunguza chembe za urithi zilizomo ndani ya mikate iliyokwisha kupikwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha mchanganyiko wa okidi za aina mbalimbali.

NANI ANAYESHIKA JEMBE?

Ni rahisi sana kumlaumu mchimbaji. Kabla hatujafanya hivyo, yafaa tumjue.

Challe na Price, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2009, waliwafuata wachimbaji wa okidi wa Makete. Wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizopigwa vibaya mno na UKIMWI hapa nchini. Watafiti hao waliona kuwa uchimbaji ulikuwa umefungamana na msiba huo. Familia iliyompoteza baba, au yenye mama mgonjwa, haina nguvu ya kulima shamba kubwa wala fedha ya mbolea. Okidi haihitaji shamba wala mbegu. Inataka jembe, kikapu na siku nzima ya kutembea katika baridi. Kwa mjane aliyebaki na watoto, na kwa yatima aliyekuwa mkuu wa nyumba kabla ya wakati wake, ua lile lilikuwa chumvi, sabuni na daftari.

Hapo ndipo palipo uzito wa jambo hili. Mwenye kula yuko mezani mjini, hajui ua. Mwenye kuchimba yuko kilimani, na sehemu ndogo ya bei ndiyo imfikiayo, kwa kuwa kati yake na mlaji wapo wachuuzi na wasafirishaji. Na kila mwaka hulazimika kwenda mbali zaidi, maana bonde la karibu limekwisha. Siku bonde la mwisho litakapokwisha, mlaji atatafuta kitafunio kingine. Mjane atatafuta nini?

Wahenga walisema, mchovya asali hachovyi mara moja. Wakasema tena, chovya chovya yamaliza buyu la asali. Mithali hizo mbili ni za wakati mmoja: ya kwanza yaeleza tabia yetu, ya pili yaeleza mwisho wake.

Nasi si wa kwanza kujaribiwa hivyo. Waturuki wana kinywaji cha moto cha majira ya baridi, na pia aisikrimu inayovutika kama ulimbo, vyote vikitengenezwa kwa unga wa viazi vya okidi uitwao salep. Kilo moja ya unga huo huhitaji viazi elfu moja au zaidi. Okidi za milimani kwao zilipungua mno, na serikali yao ikapiga marufuku kuuza unga huo nje ya nchi. Unga mwingi uuzwao leo kwa jina hilo ni wa kuiga, uliochanganywa wanga wa mahindi na manukato. Jina limebaki, mmea umekuwa haba.

UTAMU USIOUA

Je, tuseme basi kuwa vyakula vya porini vyote viachwe? La hasha. Nyanda zetu zina vyakula vingi vya asili ambavyo kuvila si kuviua. Mfano mzuri ni uyoga wa misitu ya miombo ya Iringa. Mvua zikianza, akina mama na watoto huukusanya na kuuza kando ya barabara kuu. Uyoga tuuonao ni kama tunda la mti. Kuvu yenyewe ni nyuzi nyembamba zilizojificha ardhini na kushikana na mizizi ya miti. Ukiuchuma bila kuchimbua, nyuzi hubaki, na mwakani utatoa tena, ilimradi mti haukukatwa. Angalia tu usichume wala kununua uyoga usiojulikana na wazee wa mahali hapo, maana upo wenye sumu kali.

Tofauti hiyo ndiyo ningependa uichukue nyumbani Jumapili hii. Si kila kitu kitokacho porini ni sawa. Upo utamu ambao ni tunda, na upo utamu ambao ni mbegu ya akiba. Ule wa kwanza waweza kuufurahia kila msimu. Huu wa pili huwezi kuufanya chakula cha kila siku bila kuumaliza, ama uwe umo ndani ya gamba lenye miiba baharini, ama umo chini ya ua la Makete.

Kwa hiyo, unapopitia Tunduma ukakaribishwa chikanda, pokea kwa heshima, kwani kumkatalia mwenyeji chakula ni utovu wa adabu. Ionje, uijue ladha yake, na muulize mpishi viazi vimetoka wapi. Lakini usinunue gunia la kupeleka nyumbani kwa sababu tu umependa, wala usiwe mchuuzi wake. Ikiwa una shamba lenye bonde la okidi, waonyeshe watoto wako vile viazi viwili, na uwaeleze kila kimoja kina kazi gani. Mtoto aliyeelewa hivyo hahitaji kuwekewa askari. Na unapotaka kumsaidia yule mama wa kilimani, nunua kile anachoweza kukitoa tena mwakani. Makete yatoa viazi mviringo, ngano, pareto na matufaha. Yakipata bei nzuri na barabara ipitikayo wakati wa masika, jembe lake halitakuwa na sababu ya kupanda Kitulo.

Chikanda ni chakula kizuri, na watu walioivumbua walikuwa wapishi hodari. Waliila kwa kiasi, katika msimu wake, kutoka bonde lililo karibu na nyumba zao, nao walikuwa wa kwanza kuona linapopungukiwa. Sisi tulao kutoka mabonde tusiyoyaona hatuna macho hayo. Hatuna budi kuuliza.